Kupanga njia ya kigari kinachojiendesha kwa hesabu za mtiririko: mwongozo kamili kwa mashamba na nyua za Moshi na Arusha

Mwongozo huu ni wa kigari cha magurudumu manne kinachobeba mizigo ndani ya eneo lililofungwa: uwanja wa kuanikia kahawa Kibosho, ua wa karakana Arusha mjini, njia za ndani za shamba kule Usa River. Si wa barabara kuu ya Arusha–Moshi. Hesabu zinazochukulia magari ya barabarani kama kimiminika, zile za Lighthill na Whitham (1955) na Richards (1956), zinaeleza foleni inavyojengeka na kuyeyuka. Hazitakuambia kigari kipite kushoto au kulia kwa mparachichi ulio katikati ya uwanja. Hapa tunatumia mtiririko kuchora njia yenyewe.

Kwa nini mtiririko? Mwaka 1986 Oussama Khatib alichapisha njia iliyopendwa sana: kituo cha mwisho kinavuta, vikwazo vinasukuma, na roboti inafuata jumla ya nguvu hizo. Tatizo lake ni mitego. Kigari kikiingia kati ya kuta tatu, nguvu ya kuvuta na ya kusukuma zinalingana, nacho kinasimama hapo bila kufika. Mwaka 1990 Connolly, Burns na Weiss walionyesha kwamba ukitumia mlinganyo wa Laplace, ule ule wa maji yasiyobanika na yasiyo na vizingia, mtego hauwezi kutokea. Sababu ni rahisi: kila sehemu iliyo wazi ina thamani (mfano wa kimo cha maji, ambacho kigari kinakifuata kikishuka) iliyo wastani wa majirani zake, kwa hiyo haiwezi kuwa chini kuliko wote wanaoizunguka. Maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia wa Wachagga, yakikuta jiwe yanagawanyika, yanalizunguka na kuungana mbele. Kama kuna upenyo wa kufika bondeni, yatafika.

Mfano tutakaotumia ni uwanja wa kahawa wa mita 60 kwa 40 kwenye miteremko ya Kilimanjaro, unaoshuka kuelekea kusini kwa asilimia 8. Una ghala, mashine ya kumenya, safu nne za vichanja vya kuanikia, mfereji wa maji na mparachichi. Kigari chetu kina upana wa sm 70, umbali wa sm 80 kati ya ekseli mbili, pua ya sm 20 mbele ya ekseli ya mbele, na usukani unaokata hadi digrii 28. Kimebeba kompyuta ndogo ya aina ya Raspberry Pi 4, kipokezi cha setilaiti cha RTK (chenye masahihisho yanayokipa usahihi wa sentimita), sensa ya leza ya kupima umbali, enkoda (vihesabu vya mizunguko) za magurudumu, na kitufe cha dharura kinachokata umeme wa mota. Breki lazima ziwe za aina inayofunga yenyewe umeme ukikatika. Kwenye mteremko, kigari kilichokatiwa umeme bila breki hizo kitaondoka chenyewe na mzigo wake.

Hatua ya 1: Ramani

Tembea na kipokezi ukipima kila kona ya jengo, kila mguu wa kichanja na kingo zote mbili za mfereji. Tumia mfumo wa majira ya ramani wa WGS 84, UTM kanda ya 37 Kusini (msimbo EPSG:32737). Moshi na Arusha zote zimo humo. Ukipewa ramani ya zamani ya upimaji, angalia kwanza kama imechorwa kwa mfumo wa zamani wa Arc 1960 (EPSG:21037). Ukizichanganya bila kubadilisha, ghala lako litahama karibu mita 300, na hakuna hesabu itakayoliokoa.

Pima mchana. Huku kwetu karibu na ikweta, saa chache baada ya jua kuzama tabaka la juu la anga huchafuka na kukatakata mawimbi ya setilaiti, hasa miezi ya karibu na Machi na Septemba. RTK inapoteza usahihi wa sentimita wakati huo. Chini ya migomba na miti ya kivuli inapotea hata saa sita mchana, kwa hiyo sehemu hizo zipime kwa futi ya fundi kutoka kona inayojulikana.

Hatua ya 2: Gridi

Seli za sm 20 zinatosha. Uwanja wetu unakuwa seli 300 kwa 200, yaani 60,000. Ukitumia namba za baiti 8, ni baiti 480,000, kiasi ambacho kompyuta ndogo inakimudu bila shida. Usishawishike kushuka hadi sm 5: seli zinaongezeka mara 16, na ramani yako haina usahihi huo.

Zungusha gridi ili mhimili mmoja ufuate mteremko na mwingine ukate mteremko. Utaona faida yake katika hatua ya 4.

Hatua ya 3: Kuvimbisha vikwazo

Hesabu inachukulia kigari kama nukta moja, katikati ya ekseli ya nyuma. Kwa hiyo upana wake lazima uhamishiwe kwenye vikwazo. Wengi huweka nusu ya upana, sm 35, na kuishia hapo. Kisha kigari kinapokata kona, pua inagonga kichanja ambacho ramani inasema kiko mbali.

Fanya hesabu yote. Duara dogo kabisa la kugeuka lina nusu kipenyo cha 0.80 ÷ tan 28°, yaani karibu mita 1.5. Katika duara hilo gurudumu la nyuma la nje linapita mita 1.85 kutoka kitovu cha duara, lakini kona ya mbele ya nje inapita kwenye kipeuo cha pili cha (1.85² + 1.00²), yaani mita 2.10. Pua inafagia sm 25 zaidi ya ubavu. Kwa hiyo: 35 + 25 + 10 za makosa ya mahali + 10 za makosa ya usukani = sm 80. Hizo ni seli 4 kila upande wa kila kikwazo.

Upenyo wowote chini ya mita 1.6 sasa umeziba, na ndivyo inavyotakiwa. Kama nafasi kati ya vichanja vyako ni mita 1.5, sogeza vichanja. Usipunguze namba.

Kisha fanya jambo ambalo likirukwa programu inakwama: anzia seli ya mwanzo, jaza kila seli inayofikika kwa kupita jirani kwa jirani, na zile zisizofikika (ndani ya ghala, kati ya kuta mbili) zigeuze kuwa kikwazo. Vishimo hivyo vilivyofungwa havina uhusiano na chanzo wala kituo, kwa hiyo milinganyo yake haina jibu moja, na programu inarudisha namba zisizo na maana au inakataa kabisa. Kama kituo chenyewe hakimo kwenye eneo lililojazwa, hakuna njia. Hapo rudi ukaangalie ramani.

Hatua ya 4: Upenyevu wa kila seli

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Laplace tupu inaona ardhi yote ni sawa, wakati wa masika uwanja wako si sawa hata kidogo. Tumia sheria ambayo Henry Darcy aliitoa mwaka 1856 kuhusu maji yanayopita kwenye mchanga: mtiririko ni upenyevu mara mwinuko wa shinikizo. Kila seli inapewa namba yake, K:

zege au lami, 1.0
changarawe iliyoshindiliwa, 0.6
nyasi fupi au udongo mkavu, 0.3
udongo mwekundu uliolowa, 0.05
kikwazo, 0

Hizi ni namba za kuanzia. Unazirekebisha kwa kuangalia kigari kinavyokula betri na kuteleza. Uwiano ndio wenye maana. Ukizizidisha zote kwa 10 njia haibadiliki.

Kati ya seli mbili jirani tumia wastani wa hamoniki: 2 × K1 × K2 ÷ (K1 + K2). Wastani wa kawaida utakudanganya. Kati ya zege (1.0) na tope (0.05), wastani wa kawaida ni 0.525, kana kwamba tope nusu limekauka. Wa hamoniki ni 0.095. Na kuna zawadi ndani yake: seli moja ikiwa kikwazo, K yake ni 0, wastani nao unakuwa 0, na mtiririko hauvuki ukuta. Huhitaji kuandika masharti ya mpaka kwa kila kona ya kila kichanja.

Ongeza mambo mawili. Kwanza, seli zilizo ndani ya mita 1 kutoka kikwazo kilichovimbishwa zidishe kwa 0.3, ili maji mengi yapite katikati ya njia badala ya kulamba kuta. Pili, kwa kuwa gridi imelala na mteremko, nyuso (mipaka kati ya seli na seli) zinazokata mteremko kwa ubavu zipe nusu ya K ya zile zinazopanda na kushuka. Kigari chenye magunia juu kinapinduka kwa ubavu kabla hakijapinduka kwa mbele. Ahadi ya kutokuwa na mitego inabaki palepale mradi kila seli iliyo wazi ina K kubwa kuliko sifuri.

Hatua ya 5: Chanzo, kituo na kuta za uongo

Mwanzo upe thamani 1, kituo 0. Lakini chanzo kilicho wazi kinamwaga maji pande zote, hata nyuma ya kigari, na kigari hakiwezi kugeuka papo hapo. Kizungushie ukuta wa uongo wa umbo la U: upana wa ndani mita 1, urefu mita 1.6, uwazi ukielekea pua ilipo. Kituo nacho kipe U yake, uwazi ukitazama upande ambao kigari kinapaswa kuingilia kupakua. Kuta hizi hazivimbishwi. Kwa gharama ya seli chache, umepanga mwelekeo wa kuondoka na wa kufika bila mlinganyo wa ziada.

Vipo vitabu vinavyoelekeza kuvipa vikwazo thamani ya juu badala ya kuvifanya kuta zisizopitisha. Njia inayopatikana inakaa mbali na kuta, ndiyo, lakini kwenye ushoroba wenye upana w ishara (tofauti kati ya thamani ya seli na ya kuta) inafifia kwa exp(−πx/w), x ikiwa umbali ndani ya ushoroba. Katika upenyo wa mita 2, baada ya mita 12 tu namba za baiti 4 haziwezi tena kuitofautisha thamani ya seli na 1 ya kuta. Kigari kinafika pale mwelekeo umekuwa sifuri, kinasimama, na fundi anaanza kufungua usukani ambao hauna kosa. Ukilazimika kutumia njia hiyo, vipe vikwazo 0 na kituo 1, ili kigari kipande thamani badala ya kuzishuka. Namba ndogo karibu na sifuri zinahifadhi usahihi wake. Kwa kuta zisizopitisha, ishara inashuka sawasawa ushoroba mzima, na ndiyo sababu tunazishauri.

Hatua ya 6: Kutatua

Kila seli iliyo wazi inatii:

φ = (K1φ1 + K2φ2 + K3φ3 + K4φ4) ÷ (K1 + K2 + K3 + K4)

ambapo φ ni thamani ya seli yenyewe, φ1 hadi φ4 ni za majirani wanne, na K1 hadi K4 ni za nyuso nne zinazopakana nao. Ukirudia wastani huu seli kwa seli utafika, ila kwa kuchelewa. Kwa gridi ya upande wa seli 300, kupunguza kosa mara milioni kwa njia ya Jacobi, inayotumia thamani za marudio yaliyopita tu, kunahitaji marudio kama 270,000. Gauss–Seidel, inayotumia thamani mpya papo hapo, nusu yake. Na SOR, inayosukuma kila sahihisho mbele kwa kizidisho ω, kama 600. Anza na ω = 1.97. Isifike 2, kwani hapo namba zinalipuka. Makadirio haya ni ya ardhi iliyo sawa. Tope na kuta vinaongeza marudio.

Kwa ramani isiyobadilika, njia nyepesi zaidi ni kuunda matriki yenye sifuri nyingi (sparse) kwa SciPy, maktaba ya hesabu ya Python, na kuita kitatuzi chake spsolve. Seli 60,000 zinatatuliwa kwa sekunde chache kwenye kompyuta ya mezani, na jibu halitegemei uvumilivu wako.

Usikubali jibu kabla ya kulipima kwa vipimo viwili. Kwanza, maji yanayotoka kwenye chanzo yalingane na yanayoingia kituoni; tofauti ikizidi asilimia 1, marudio hayajatosha au kuna uso mmoja umeandikwa K mbili tofauti. Pili, tengeneza gridi tupu yenye mtiririko sawa kutoka kushoto kwenda kulia, weka duara katikati lisilozidi sehemu ya kumi ya upana, kisha soma kasi ubavuni mwa duara kwa umbali wa mara 1.5 ya nusu kipenyo chake kutoka kitovu. Nadharia inasema 1 + 1 ÷ 2.25, yaani mara 1.44 ya kasi ya mbali. Ukipata 1.2 au 1.8, kosa liko kwenye msimbo wako.

Hatua ya 7: Kuchora na kuchagua mstari

Mdomoni mwa U ya mwanzo, gawanya mtiririko wote mafungu 24 yaliyo sawa kwa kiasi cha maji, si kwa sentimita, na achia mstari mmoja kutoka katikati ya kila fungu. Songa kwa hatua za nusu seli, sm 10. Kasi isome kwenye nyuso za seli kisha uikadirie kati ya uso na uso ndani ya seli, kama Pollock alivyofanya mwaka 1988 kwa maji ya ardhini. Uso wa ukuta una kasi sifuri, kwa hiyo mstari haupenyi. Ukikadiria kutoka φ za seli nne za jirani, thamani za ndani ya kikwazo zitachanganyika humo na mistari itaanza kuingia ukutani.

Sasa angalia mistari inavyojigawa. Tuseme 15 inapita upande wa kaskazini wa vichanja, 7 kati ya safu ya pili na ya tatu, 2 inazunguka ghala. Kundi la mistari 15 ndilo lenye njia pana na ngumu ardhini. Chukua mstari wake wa katikati. Usichukue wa pembeni, kwa sababu mistari miwili inayotenganishwa na kikwazo inapita karibu na nukta ambapo maji yanasimama kabla ya kugawanyika, na hapo njia inapinda ghafla kuliko usukani wowote unavyoweza. Pima mpindo (1 ÷ nusu kipenyo cha kona) kwenye urefu wote: usizidi 0.67 kwa mita, yaani 1 ÷ 1.5. Ukizidi, jaribu mstari wa jirani ndani ya kundi hilo hilo. Ukiulainisha mstari, hakiki tena kila nukta dhidi ya vikwazo, maana kulainisha ndiko kunakokata kona.

Mstari huu si mfupi kuliko yote. Kama unachotaka ni ufupi tu, tumia A*, iliyoko tangu 1968. Mtiririko unakupa njia laini, iliyo katikati, inayojua tope liko wapi.

Hatua ya 8: Kasi

Chukua mwelekeo kutoka kwa maji, kasi usiichukue. Maji yakibanwa yanaongeza mwendo, na mahali penye mbano ndipo kigari kinapotakiwa kupunguza. Kosa hili halionekani kwenye skrini, kwa sababu mchoro unapendeza. Linaonekana kigari kinapoingia kati ya vichanja kwa kasi kuliko kilivyotoka getini.

Weka kasi ya juu mita 1 kwa sekunde, na kwenye kona kipeuo cha pili cha (0.5 ÷ mpindo). Kwenye mpindo wa 0.67 hiyo ni mita 0.87 kwa sekunde.

Halafu mteremko. Tuseme breki, ukiwa na mzigo kamili, zinapunguza mwendo kwa mita 1 kwa sekunde kila sekunde kwenye tambarare, na mfumo unachukua sekunde 0.3 kuitikia. Kwenye tambarare kigari kinasimama baada ya mita 0.8. Kikishuka asilimia 8, uzito wenyewe unakula 0.78 ya ile 1, inabaki 0.22. Umbali wa kusimama unakuwa karibu mita 2.6, zaidi ya mara tatu. Punguza kasi hadi 0.5 na unarudi kama mita 0.7. Kwa hiyo kila nukta ya njia ipewe kasi kulingana na mteremko wake, na breki zipimwe na mzigo, si kigari kitupu.

Kufuata mstari kunatosha kwa njia ya nukta inayolengwa mbele: chagua nukta kwenye mstari mita 1 mbele ya katikati ya ekseli ya nyuma, pima kutoka hapo pembe α kati ya mwelekeo wa pua na nukta hiyo, kisha kata usukani kwa atan(2 × 0.80 × sin α ÷ 1). Ukilenga mita 1 kwenye duara la mita 1.5, kigari kinakata kona kwa takriban sm 8, ndani ya zile sm 10 tulizoziweka. Ukilenga mita 1.2 zinakuwa 12, na akiba yako imekwisha. Ukilenga karibu mno, kigari kinayumba kama nyoka.

Hatua ya 9: Watu, kuku na bodaboda

Usitatue uwanja mzima upya kila mbuzi anapopita. Kata dirisha la mita 10 kwa 10 kuzunguka kigari: seli 2,500. Kingo zake zipe φ za suluhisho kubwa, kitu kipya kilichoonekana na leza kivimbishe sm 80 na ukipe K ya 0, anza na φ za zamani, rudia SOR mara 70 hadi 100. Hii inafanyika mara kadhaa kwa sekunde hata kwenye kompyuta ndogo, ukiandika msimbo huo kwa C++ au kwa Numba, inayoharakisha Python. Kama kitu kimeziba dirisha lote, simama. Usikiruhusu kigari kutafuta ujanja.

Kwa kitu kinachotembea, kivimbishe kirefu kuelekea kinakokwenda, kwa umbali kitakaotembea ndani ya sekunde 2. Mtu anayetembea mita 1.4 kwa sekunde anapata mkia wa mita 2.8 mbele yake.

Na ulinzi wa mwisho usipitie kwenye hesabu hizi hata kidogo. Sensa ya leza ikiona kitu ndani ya umbali wa kusimama pamoja na nusu mita, saketi yake inafunga breki moja kwa moja. Mpangaji wa njia anaweza kuganda, programu inaweza kukwama. Mtoto aliyekimbilia mpira hapaswi kusubiri matriki itatuliwe.

Hatua ya 10: Majaribio

Anza na kigari kitupu, mita 0.3 kwa sekunde, mtu akitembea pembeni na kitufe cha dharura mkononi. Panga vikwazo vya maboksi matupu katika umbo la U, uwazi ukitazama kigari, kituo kikiwa nyuma yake. Hili ndilo jaribio linaloangusha mbinu ya kuvuta na kusukuma, na yako inapaswa kulizunguka. Rekodi kila sekunde umbali kati ya kigari na mstari. Ukizidi sm 10 mahali pale pale kila safari, tatizo ni mpindo au kasi ya pale. Ukizidi mahali popote bila mpangilio, tatizo ni setilaiti au enkoda inayoteleza kwenye nyasi.

Baada ya hapo pakia nusu mzigo, kisha mzigo kamili, na urudie jaribio la breki kwenye sehemu yenye mteremko mkali kuliko zote.

Masika yakianza mwezi Machi, rudi kwenye jedwali la K. Seli zilizokuwa udongo mkavu wa 0.3 zishushe hadi 0.05, zitatue tena, na uangalie kama kundi kubwa la mistari limehamia upande mwingine wa vichanja. Likihama, tembea njia hiyo mpya kwa miguu kabla kigari hakijaipita: mifereji huhama kingo zake mvua zikinyesha, na ramani yako ilipimwa wakati wa kiangazi.